Hivi magitaa ya umeme ya zamani yana nini mpaka watu wanayalilia hivi?

KidoleGumba aliandika:

Wakuu habari zenu. Kuna jambo linanisumbua wiki ya tatu sasa, naomba wenye uelewa mnifungue macho. Mi napiga gitaa la solo mwaka wa kumi na mbili huu na siku zote nimetumia magitaa mapya tu, yale ya kawaida, na watu wa vintiji, yaani wapenda magitaa ya zamani, nilikuwa siwaelewi kabisa, namuona mtu anatoa hela ya kununulia nyumba kwa kitu kilichochubuka.

Sasa majuzi rafiki yangu tunayepiga naye bendi akanishikisha Telecaster, gitaa la kampuni ya Fender, ya mzee wake, ya mwaka 1966. Rangi imebabuka pale mkono wa kulia unapoegemea mpaka mbao inaonekana, na shingo kwa nyuma vanishi imeisha yote, imekuwa laini kama mpini wa jembe lililolimiwa miaka nenda rudi, yaani kiganja kinateleza chenyewe. Nikachomeka kwenye ampu yangu ileile ya kila siku, waya uleule, sijagusa kitufe hata kimoja, nikapiga kodi ya E nikaiacha ilie. Wakuu, sijui niseme nini. Niliisikia mbavuni kwanza kabla ya masikioni, bodi nzima inatetemeka imenigusa tumbo, alafu nyuzi nyembamba zinalia kila moja kivyake, hazijachanganyikana. Nimekaa nalo mpaka giza limeingia sina habari.

Tangu siku hiyo nikishika la kwangu naona kama nimeshika ubao. Sasa swali, je ni mlio kweli au ni macho na historia vinanidanganya? Na kwanini hasa ya miaka ya 50 na 60 wakati leo kuna mashine zinakata mbao kwa usahihi wa ajabu? Na mtu akitaka kutafuta la kwake aanzie wapi? Naomba sana majibu ya watu waliowahi kuyashika.


FundiWaNyuzi alijibu:

Karibu KidoleGumba. Hilo ulilolisikia mbavuni ni la kweli, mtu asikuambie umeota. Natengeneza magitaa karibu miaka ishirini, nimefungua mapya na ya zamani, ntakuambia ninachokijua ila nianzie nyuma kidogo maana bila historia hutaelewa kwanini miaka ile.

Gitaa la umeme lilizaliwa kwa sababu mpiga gitaa alikuwa hasikiki. Bendi za dansi Marekani miaka ya 20 na 30 zina matarumbeta, zina masaksafoni, zina dramu, na mwenye gitaa kakaa pembeni anakung'uta ridhimu ambayo hata yeye haisikii vizuri. George Beauchamp akaunda la kwanza la maana mwaka 1931, likaanza kuuzwa 1932 na kampuni aliyokuwa nayo pamoja na Adolph Rickenbacker, bodi ya aluminiamu, mviringo mdogo na shingo ndefu, watu wakaliita kikaango kwa umbo lake. Lilikuwa la kulaza mapajani, staili ya Hawaii. Umbo lile halikudumu ila kilichokuwa ndani mpaka leo ndicho tunachotumia, sumaku na koili ya shaba. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku unatikisa uga wake, koili inazaa umeme kidogo sana unaofuata mtetemo uleule, ampu inaukuza. Basi. Kampuni ya Gibson wakatoa gitaa la ES-150 mwaka 1936, kijana Charlie Christian akaichukua, 1939 akaingia kwenye bendi ya Benny Goodman, na gitaa likasimama mbele likajibizana na vipulizwa kama mtu mzima mwenzao. Alifariki 1942 akiwa na miaka 25 tu. Kila mara nikimfikiria naumia.

Tatizo likawa bodi zile zina uwazi ndani, ukiongeza sauti gitaa linaanza kuvuma lenyewe. Mpiga gitaa Les Paul akachukua kipande cha mbao kama boriti, akafunga shingo na pikapu (ndiyo ile sumaku na koili yake), pembeni akabandika mabawa ya gitaa la kawaida ili watu walione ni gitaa. Alafu akaja Leo Fender, fundi redio wa Fullerton, California, mtu ambaye hata kupiga gitaa alikuwa hajui. Yeye aliliwaza gitaa kama redio, kitu ambacho siku moja kitaharibika na lazima kitengenezeke haraka. Ndiyo maana hilo la mzee shingo yake imefungwa kwa skrubu nne tu, ikipinda unaitoa unaweka nyingine. Mwaka 1950 akalitoa kwa jina Broadcaster, kampuni ya Gretsch wakalalamika kwamba wao tayari wana ngoma zenye jina karibu hilohilo, kwahiyo Fender wakakata jina kwenye lebo kwa mkasi na kwa miezi kadhaa ya 1951 magitaa yakatoka hayana jina la modeli kabisa. Watoza, yaani wakusanyaji wa magitaa ya zamani, wanayaita Nocaster na leo ni dhahabu. Baada ya hapo ndio likaitwa Telecaster, na 1954 ikafuata Stratocaster.

Sasa tuje kwenye pikapu, hapa ndipo roho yangu ilipo. Ukifungua pikapu ya zamani ya Fender unakuta sumaku sita zimesimama kama vijiti, zimezungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu kwa maelfu. Mashine ilizungusha bobini lakini waya wenyewe uliongozwa na mkono wa mtu, wengi wao akina mama, anaupeleka kushoto kulia, kushoto kulia, siku nzima. Mmoja wao, Abigail Ybarra, alianza kazi pale mwaka 1956 na jina lake likaja kuwa maarufu kwa wapiga gitaa dunia nzima. Mkono wa mtu haupangi waya sawasawa kama mashine, kuna mahali umebana, kuna mahali umelegea, mizunguko inapishana, na hiyo mipishano inabadilisha jinsi sauti za juu zinavyopita. Nikiweka pikapu mbili za mwaka mmoja kwenye mita, namba hazilingani.

Gibson hivyohivyo. Seth Lover aliwatengenezea hambaka, koili mbili zilizogeuziana ili ule mvumo wa umeme ujifute, wakaomba hataza 1955 na wakaipata 1959, na kwa kuwa walikuwa bado wanasubiri wakabandika chini kistika kinachosema maombi yameshapelekwa. Ndizo hizo watu wanaita PAF, kifupi cha maneno ya Kiingereza ya kistika hicho, Patent Applied For. Hazikuzungushwa kwa hesabu kali, kwahiyo moja ina nguvu, jirani yake ni ya upole. Plastiki nyeusi ya bobini ilipopungua wakatumia ya rangi ya krimu, na leo mtu analipa zaidi kwa hiyo krimu ambayo hata haionekani mpaka ufungue kifuniko.

Kuhusu rangi, zamani walipiga laka ya nitro, nyembamba, inakauka inapungua na kupasuka mistari midogo kama udongo wa kiangazi, na jasho la mkono linaila. Mwishoni mwa miaka ya 60 Fender wakaanza kutumia poliesta, hiyo ni ngumu na nene kama kioo. Shingo iliyokuteleza ni hiyo laka imeliwa na kiganja cha mzee. Hilo kiwanda hakiwezi kukuuzia, ingawa wanajitahidi kuyachubua mapya makusudi.

Jambo moja la mwisho, utasikia watu wanasema ya kabla ya CBS ndiyo halisi. CBS, kampuni ya redio na televisheni ya Marekani, waliinunua Fender Januari 1965 kwa dola milioni 13, na watoza wamechora mstari hapo. La mzee ni la 1966, liko upande wa pili wa mstari, na bado limekufanya usahau saa. Wafanyakazi wale na mbao zile havikuondoka siku mkataba uliposainiwa, mabadiliko yalikuja taratibu. Huo mstari ni wa bei zaidi.


BesiNzito alijibu:

Fundi heshima yako, umeeleza vizuri sana, ila mi nina la kuongezea kwa upande mwingine na naomba mnisikilize.

Mi napiga besi na naipenda historia hii kuliko kitu chochote, lakini tukumbuke kwamba waliotufanya tuyapende haya magitaa walikuwa wanapiga magitaa MAPYA au yaliyotumika kidogo tu. Jimi Hendrix pale kwenye tamasha la Woodstock Agosti 1969 alikuwa na Stratocaster nyeupe yenye umri wa mwaka hivi, imetengenezwa chini ya haohao CBS wanaolaumiwa. Eric Clapton aliporekodi na John Mayall 1966, Les Paul aliyotumia (gitaa la Gibson lenye jina la yule mpiga gitaa) ilikuwa na miaka kama sita. Ile Les Paul ya sanbasti, rangi inayong'aa katikati na kuwa nyeusi kuelekea pembeni, ya 1958 mpaka 1960 haikuwa inauzika vizuri wakati wake, Gibson wenyewe wakaiacha, 1961 wakaleta umbo jembamba lenye mapembe mawili tunaloliita SG. Watu walipomsikia Clapton, na Mike Bloomfield kule Marekani, ndio wakaanza kuyatafuta yale ya zamani, na Gibson wakalirudisha umbo la zamani mwaka 1968. Yaani kitu kilichokataliwa dukani kikageuka lulu ndani ya miaka kumi, na mbao zilikuwa zilezile.

Kwenye vayolini wamewahi kupima jambo hili. Mtafiti Claudia Fritz na wenzake mwaka 2010 kule Indianapolis waliwapa wapigaji 21 vayolini sita, tatu za zamani zikiwemo za Stradivari, fundi maarufu wa kale wa Italia, na tatu mpya, wamevaa miwani ya giza, na sehemu ya kuwekea kidevu imepakwa manukato ili hata harufu ya mbao ya kale isiwaambie kitu. Wengi wakachagua mpya ndiyo wangeenda nayo nyumbani, na iliyopendwa kidogo kuliko zote ilikuwa Stradivari mojawapo. Nilipolisoma hili mara ya kwanza sikulala vizuri, lakini ndivyo ilivyo.

Ninavyoona mimi, magitaa mabaya ya mwaka 1962 yalikuwepo mengi tu. Yako wapi? Yalitupwa, yalivunjwa spea, yaliozea stoo. Yaliyobaki mpaka leo mengi ni yale ambayo kuna mtu aliyapenda akayatunza, akayapeleka kwa fundi, akakataa kuyauza hata aliposhikwa na shida. Kwahiyo tunayapima magitaa yote ya leo, mazuri na mabaya, na mabingwa tu wa zamani. KidoleGumba umeshika gitaa ambalo mzee mmoja amelichagua na kulipiga miaka yote hiyo, freti, vile vyuma vya kwenye shingo, zimelika kwa mkono wake, limekaa sawa kwa sababu limetunzwa. Hapo kuna maisha ya mtu, na mi nakubali kabisa kwamba unayasikia.

Ngoja niwape mfano wa besi maana wengi wanasahau Precision Bass ilitoka 1951, kabla yake besi ni lile dude la kusimama nalo unalibeba mgongoni. James Jamerson, aliyepiga zile besi za kampuni ya muziki ya Motown kule Detroit, alitumia Precision ya 1962, nyuzi nzito za bapa ambazo habadilishi mpaka ikatike, sponji chini ya kifuniko cha daraja (pale nyuzi zinapoishia kwenye bodi), na anacharaza kwa kidole kimoja tu, cha shahada. Besi yenyewe iliibiwa muda mfupi kabla hajafariki mwaka 1983 na haijulikani iliko. Mtu akininunulia Precision ya 1962 kesho nitalia kwa furaha, ila sitasikika kama Jamerson. Siku nilipoweka nyuzi za bapa kwenye besi yangu mpya na kukata kipande cha sponji nikakibana pale kwenye daraja, nikapiga kwa kidole kimoja polepole, hapo ndipo nilipomkaribia kidogo, na nilisisimka mwili mzima.

Na jamani wapigaji nao wameyafundisha haya magitaa. Strat, yaani Stratocaster, ilitoka na swichi ya hatua tatu ya kuchagua pikapu, watu wakagundua ukiikwamisha katikati ya hatua mbili unapata mlio wa pikapu mbili pamoja, mwembamba kama unaotokea puani, wakawa wanaibana hapo kwa nguvu. Kiwanda kilikuja kuweka swichi ya hatua tano mwaka 1977. Miaka zaidi ya ishirini mwenye gitaa yuko mbele ya mwenye kiwanda!


Rangi_Tatu alijibu:

Nimesoma nyote nimefurahi ila naona swali la aanzie wapi halijajibiwa, na hapo nina kidonda kwahiyo ngoja niseme ili mwenzetu asipite nilipopita.

Mi niliuziwa Stratocaster ya 1963, sanbasti, mkoba wake, kila kitu. Muuzaji sitamtaja. Nilikuwa nimeweka akiba miaka minne. Nikalipiga mwezi mzima kwa raha zote, alafu poti ya volyumu, kile kifaa kilicho chini ya kitufe cha sauti, ikaanza kukwaruza nikalipeleka kwa fundi, akafungua ile plastiki nyeupe ya mbele, akakaa kimya. Unajua fundi akikaa kimya. Akanionyesha mgongo wa poti kuna namba zimegongwa, zinaanza na 137, hiyo ni alama ya kiwanda cha CTS, zinafuata 76 na 15. Maana yake poti imetengenezwa wiki ya 15 ya mwaka 1976. Sasa poti peke yake inaweza kuwa ilibadilishwa, kwahiyo nikajipa moyo, ila zote tatu zilikuwa za 76 na solda yake inang'aa, siyo ile ya kijivu iliyofifia ya zamani.

Akaendelea. Enzi zile Fender walipokuwa wanapaka rangi bodi walipigilia misumari midogo ili bodi isiguse meza wakati inakauka, wakiing'oa baadaye panabaki vitundu, na kwenye gitaa la orijino vitundu hivyo ndani vina mbao tupu kwa sababu msumari ulitolewa rangi ikishakauka. Vya kwangu vilikuwa vimezibwa na rangi. Bodi ilikuwa ya zamani kweli ila imepakwa upya, shingo ya miaka mingine, vyuma vya miaka mingine. Niliumia sana, siwezi kuficha, nilikaa karibu miezi mitatu sikuligusa.

Kwahiyo KidoleGumba kabla hujatoa hela, gitaa LIFUNGULIWE mbele yako. Muuzaji akikataa kufungua ondoka, hata kama analia. Angalia namba za poti, angalia solda, angalia tarehe kwenye mwisho wa shingo pale inapoingia kwenye bodi, ya zamani kabisa iliandikwa kwa penseli, nyingine zina TG, herufi za Tadeo Gomez aliyekuwa anachonga shingo miaka ya 50, na kuanzia 1962 wakawa wanagonga muhuri. Siriali namba ya kwenye bati usiitegemee peke yake, bati linahamishika kwa skrubu nne.

Alafu kama unataka la kupiga na siyo la kuweka kabatini, tafuta makusudi lililopakwa rangi upya. Likipakwa tu bei inashuka karibu nusu lakini pikapu na shingo ni zilezile. Hilo la kwangu nimelirudia, lina mlio mtamu kweli, ningelinunua tena kwa bei yake halali kama ningeambiwa ukweli.


FundiWaNyuzi alijibu:

Pole sana Rangi_Tatu, na asante kwa kuliweka wazi. Naongeza mbili tatu haraka. Magitaa mengi ya zamani yana mbao ya rozwudi ya Brazili kwenye ubao wa freti, na tangu 1992 mti huo uko kwenye orodha kali kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, kwahiyo kabla hujalivusha mpaka uliza vibali, usije ukanyang'anywa. Na ampu za valvu za zamani tafadhali usifungue mwenyewe, kapasita zinashikilia umeme mkubwa hata ukishachomoa kwenye ukuta.

Dada BesiNzito nakubaliana na wewe kwa kiasi kikubwa. Ila pikapu zile sizisaliti, nimeshazihamisha kutoka gitaa hadi gitaa na mlio unahama nazo.


KidoleGumba aliandika:

Wakuu nashukuru mno, sikutegemea. Nimewasoma mara tatu tatu. Jumamosi nikarudi kwa rafiki yangu tukafanya kama wale wa vayolini, nimefunga macho kwa kitambaa ye anapiga, mara la mzee mara la kwangu, kodi zilezile, volyumu tumezisawazisha. Mara kumi. Nimepatia sita. Kwahiyo kwa masikio peke yake siwezi kuapa. Alafu akanipa nishike mwenyewe nikiwa bado nimefungwa macho, hapo nimepatia kumi kwa kumi, sekunde ya kwanza tu kiganja kikigusa shingo. Na nikajikuta hata napiga tofauti, polepole zaidi, naacha noti zikae. Rafiki yangu akasema kwenye la mzee nimepiga vizuri kuliko siku zote, sasa sijui hiyo tuiweke upande wa nani kati ya Fundi na Dada Besi.

Mzee mwenyewe akatukuta, akacheka, akaleta bisibisi akafungua shingo mbele yetu, hajawahi kuifungua tangu anunue. Muhuri upo, NOV 65 na herufi B mwishoni. Chini ya shingo kwenye bodi rangi bado mpya kabisa, haijaona jua karibu miaka sitini, tukabaki tunaitazama wote watatu.

Ameniachia nilipige kwenye onyesho letu lijalo. Nyuzi zimechakaa sana, zina kutu, anasema nibadilishe. Niweke za unene wa 10 au wa 11?


FundiWaNyuzi alijibu:

NOV 65 kwa gitaa la 1966 ni sawa kabisa, shingo zilikaa stoo kwanza. B ni upana wa nati, kile kipande chenye mifereji ya nyuzi juu ya shingo, ule wa kawaida, milimita 41 hivi. Weka za 10, badilisha mmoja mmoja ili shingo isishtuke, na nati usiiguse hata ukiona imekwama, paka unga wa penseli kwenye mifereji. Nyuzi za zamani mrudishie mzee.